Bi Mahfoudha, Fundi wa Sakhani

Januari ya mwaka 1983, katikati ya baridi, sakhani ya gesi ya nyumbani kwa Bi Mahfoudha ilikataa kuwaka, na hapo ndipo sisi majirani zake wa Nizwa tulipoanza kumjua hasa ni mtu wa namna gani. Sakhani ndivyo tulivyokuwa tukiiita ile hita ya maji ya kuogea: kabati la bati jeupe linalotundikwa ukutani, ndani yake bomba la shaba limezungushwa juu ya moto wa gesi, maji yakaingia baridi yakatoka moto. Mtungi wenyewe unakaa nje ya dirisha. Umeme tulikuwa nao, lakini ulikuwa na tabia ya kukatika mtu akiwa ameshajipaka sabuni, kwa hiyo wenye sakhani za gesi walijiona wamepata.

Mimi naitwa Radhia. Nyumba yangu na yake ziligawanywa na ukuta mmoja wenye mlango mdogo, na sikumbuki kuuona mlango ule umefungwa hata siku moja. Mimi nimezaliwa Tabora, wakati ule nikisomesha skuli ya wasichana. Yeye kazaliwa Unguja mjini, tena kanizidi miaka minane. Mimi nikisema bomba yeye akisema mfereji, na kila mmoja akiona Kiswahili cha mwenziwe kina ila.

Mumewe, Marhoun, alikuwa akifanya kazi wizarani Maskati. Ijumaa jioni huondoka, Jumatano alasiri hurudi. Nusu ya wanaume wa mtaa wetu walikuwa hivyo hivyo. Katikati ya juma mtaa ulikuwa wa wanawake, watoto na wazee, na fundi mgeni hakuingizwa ndani ya nyumba ambayo mwenyewe hayupo. Kitu kikiharibika Jumamosi kitasubiri Jumatano, na watu wataoga maji ya sufuria.

Basi Jumatano ile wakaja mafundi wawili kutoka duka la Firq lililoiuza ile sakhani. Marhoun akawaingiza hamamuni. Bi Mahfoudha akasimama nyuma ya pazia la mlango, na mimi nyuma yake. Hawakukaa hata robo saa.

"Imekufa hii," akasema mkubwa wao. "Nunueni nyingine."

"Imekufa kwa maradhi gani?" Bi Mahfoudha akauliza nyuma ya pazia.

Mafundi wakatazamana. "Imekufa tu, mama."

"Ule moto mdogo wa ndani unawaka?"

"Unawaka."

"Na ukiwaka unakaa?"

"Unakaa."

"Basi ina roho," akasema Bi Mahfoudha. "Nyinyi hamkuitazama."

Walipokwisha kwenda zao, Marhoun akasema, "Mama Muslim, tununue nyingine yaishe. Baridi hii haina mchezo." Muslim ni kijana wao mkubwa, siku zile akisoma Misri.

"Nipe mpaka Jumatano ijayo, Baba Muslim."

"Nimpe nani? Wewe?"

"Mimi. Ikinishinda, kanunue."

Marhoun alimtazama mkewe kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa mkono asioujua. Kisha akacheka, akasema, "Haya, ila usituripue." Ijumaa jioni akaenda zake Maskati.

Mimi nami nilidhani ni ubishi tu. Miaka kumi tuliyokaa pamoja sikuwahi kumsikia akitaja chuma wala moto. Siku ile ndiyo aliyonieleza. Baba yake alikuwa mwangalizi wa boila katika kiwanda cha kukamulia mafuta ya karafuu huko Unguja. Tangu ana miaka tisa, yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula cha mchana, na akisubiri vyombo alikuwa akikaa juu ya debe akitazama. Wengine walisema mtoto wa kike hapa si mahali pake. Baba yake hakumfukuza. Alimfundisha rangi za moto, sauti ya moto uliobanwa pumzi, na namna ya kuijua boila inayoumwa kabla haijazimika. Alimfundisha pia kwamba boila haiulizwi maswali mawili kwa mpigo. Unauliza moja, unangoja jibu, ndipo unauliza la pili. Mapinduzi ya mwaka 1964 yakawatawanya. Bi Mahfoudha akakaa Dar es Salaam, akaja Dubai, na mwaka 1973 akafika Nizwa, mji wa babu yake ambao alikuwa hajauona hata kwa picha. Katika njia yote hiyo hapakuwa na mtu aliyemuuliza anajua nini.

Jumamosi, nilipotoka skuli, nilimkuta kafunga kanga kiunoni, kakaa juu ya kigoda mbele ya ile sakhani, mikono mapajani. Kifuniko cha bati kipo chini.

"Umefanya nini mpaka saa hizi?" nikamuuliza.

"Nimeitazama."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi. Sasa nipe saa yako ya mkono."

Akaweka ndoo chini ya mfereji wa maji baridi, akaufungua wote. Ikajaa kwa dakika moja. Akaihamisha ndoo chini ya mfereji wa maji ya moto, yale yanayopita ndani ya sakhani. Tukasubiri. Dakika tatu na nusu.

"Umeona?" akaniambia. "Hii haina tatizo la moto. Hii ina tatizo la maji. Maji ndiyo yanayoifungulia gesi njia. Yakipita kwa nguvu, yanasukuma kitu mle ndani, gesi inatoka, moto mkubwa unashika. Yakipita kwa unyonge, gesi haijui kama kuna mtu anataka kuoga."

Aliufunga mtungi, akafunga maji, akafungua nati ya mahali maji yanapoingilia. Mlikuwa na chujio dogo la waya, kama kichujio cha chai. Waya wenyewe hauonekani: mchanga wa falaji, ule mtaro unaoleta maji mjini, na chokaa vimegandamana mpaka vimekuwa jiwe. Akalitia ndani ya bakuli la siki, likaanza kutoa mapovu, na hamamu nzima ikanuka achari.

Jumapili akalirudisha. Ndoo ikajaa kwa dakika moja na nusu. Tukashangilia. Akawasha moto mdogo, akafungua mfereji. Moto mkubwa haukushika. Akafungua akafunga, akafungua akafunga. Wapi.

Mimi nikasema labda wale mafundi walisema kweli. Bi Mahfoudha akafunga mfereji, akarudi kukaa juu ya kigoda. Alikuwa ameuma mdomo wa chini, na niliona kwamba mji wa babu yake, na boila ya baba yake, na hii miaka yake yote ya kunyamaza vimekaa pale juu ya kigoda pamoja naye.

"Nimejibiwa swali la kwanza," akasema mwisho. "Bado la pili."

Jumatatu alikifungua kile kitu cha shaba chenye umbo la sahani mbili zilizofunikana, mahali maji yanaposukuma. Kati ya sahani mlikuwa na duara la mpira mwembamba. Akaliinua mbele ya dirisha, akalivuta kidogo. Mwanga ukapita. Mpira umepasuka, mpasuko wa urefu wa kucha.

"Ndiye huyu," akasema, polepole kabisa, kama aliyemkuta mwizi kalala. "Maji yanapita katika mpasuko, hayamsukumi mtu."

Hatukuwa na mahali pa kupata kipuri. Wale wa duka walikuwa wakiuza sakhani nzima, si vipande vyake. Akalichora lile duara juu ya karatasi ya daftari langu, na tundu zake zote, tukavaa mabuibui tukachukua teksi mpaka Firq, kwenye karakana. Tukamwendea Marzouq, mzee wa kuziba pancha, aliyezaliwa Bujumbura na ambaye Kiswahili chake kilikuwa na madoido ya huko.

"Shikamoo," tukamwambia.

"Marahaba, mama zangu. Pancha iko wapi? Gari gani?"

"Si gari," akasema Bi Mahfoudha. "Nataka kipande cha mpira wa ndani wa tairi. Cha sakhani."

Mzee Marzouq akavua miwani. "Sakhani inakwenda kwa tairi?"

Wanaume waliokuwa wakisubiri magari yao wakacheka. Bi Mahfoudha akamkunjulia karatasi juu ya meza yake ya zana, akamweleza maji yanapita wapi na yanasukuma nini. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akaacha kucheka, akaingia ndani akatoka na mipira mitatu: wa trekta, wa lori na wa gari dogo. "Huu wa trekta mnene. Chukua yote, ujaribu."

"Na hii iwe ya upande wa maji tu," Bi Mahfoudha akaniambia ndani ya teksi, kanyosha kidole kama mimi ndiye mwanafunzi. "Upande wa gesi siugusi kwa mpira wa tairi. Sina wazimu."

Mpira wa trekta ulikuwa mzito; moto ulishika pale tu mfereji ulipofunguliwa wote, kisha ukazimika. Wa lori ukavuja pembeni. Jumanne asubuhi, mimi sipo, akakata ule wa gari dogo kwa mkasi wake wa kushonea. Nilipofika alasiri alikuwa ananisubiri. Hakutaka kuujaribu peke yake.

Akafungua mfereji. Sakhani ikanguruma, *vuup*, moto mkubwa ukashika safu nzima. Nikapiga kigelegele.

"Nyamaza kwanza," akasema. "Utazame."

Nikatazama. Kwangu mimi moto ulikuwa moto. Kwake yeye ulikuwa wa manjano, ncha zake zinaramba, na shaba juu yake inaanza kupakwa masizi. "Moto huu hauvuti pumzi. Ukiwaka hivi unatoa sumu." Akauzima. Ikamchukua saa nzima kupata sababu: katika matundu ya kuingizia hewa, nyuma kabisa, nyigu alikuwa amejenga kinyumba chake cha udongo. Akakikwangua kwa sindano ya kufumia, akapuliza, akafuta. Akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha gesi kuona kama panatoka kipovu. Hapakutoka. Akapanda juu ya ngazi kuhakikisha dohani, lile bomba la bati la kutolea moshi nje, iko wazi. Kisha akawasha tena.

Moto ukatoka wa buluu. Mfupi, umenyooka, umetulia, sauti yake kama kitambaa kinachochanwa polepole. Bi Mahfoudha akakaa chini juu ya kigoda chake. Akatia mkono chini ya maji, akautoa, akautia tena. Hakupiga kelele, hakucheka. Akasema, "Baba angeuona huu," machozi yakamtoka, na mkono bado umo ndani ya maji.

Jumatano Marhoun akafika, akaingia hamamuni bila kuuliza kitu, nadhani akiogopa jibu. Tukasikia mngurumo. Tukasikia maji. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka, kajifunga shuka, nywele zinatoa mvuke, akasimama katikati ya ua mbele yangu mimi jirani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema, "Mama Muslim, wewe nimekuoa miaka ishirini na moja. Kitu gani kingine hujanambia?"

Ijumaa, penye kahawa ya wanaume baada ya sala, alieleza kila kitu kwa kila mtu, tangu chujio mpaka nyigu, na najua alikosea nusu yake. Haikupita wiki, wanawake wakaanza kugonga mlango. Wa kwanza alikuwa Bi Ghaniya, bibi mkubwa wa Nizwa hasa, asiyejua neno la Kiswahili. "Sakhani yangu inazima kila baada ya dakika tano," akasema kwa Kiarabu, "na mwanangu yuko Maskati, na mimi sitaki mwanamume chooni kwangu." Bi Mahfoudha akavaa buibui, akachukua mfuko wake wa kushonea, ambao sasa ulikuwa na spana mbili na bisibisi, akaenda. Kile kijiti cha shaba kinachoonja joto la moto mdogo kilikuwa kimepinda, hakifiki motoni. Akakinyoosha. Baada ya Bi Ghaniya hapakuwa na siku ya kupumzika. Alikuwa anaingia nyumba ambazo fundi mwanamume angesubiri siku nne mlangoni, na anatoka ameacha maji ya moto. Mtaani akaitwa Fundi Mahfoudha, na watoto wakimwona wakimwiga sauti ya sakhani, *vuup*.

Siku moja mwezi wa Novemba, Alhamisi, gari dogo la mizigo likasimama mbele ya nyumba. Akashuka mtu mzima, kanzu safi, kofia imekaa sawasawa. Alikuwa Nadhir, mwenye duka la sakhani la Firq. Wazee wake walikuwa wafanyabiashara Mwanza, na Kiswahili chake kilijaa kampuni, spea na bosi. Marhoun akamkaribisha barazani, akaletewa halua na kahawa.

"Bwana Marhoun, nitasema wazi," akasema. "Mwaka mzima huu mtaani kwenu sijauza hata sakhani moja. Nimeuliza, naambiwa yupo fundi Mahfoudh. Nimemtafuta kwenye karakana zote, hakuna anayemjua kwa sura. Ni ndugu yako?"

Sisi tulikuwa chumba cha pili, mlango wazi. Bi Mahfoudha akafunga mdomo wake kwa ncha ya mtandio.

"Ni mtu wa nyumbani," akasema Marhoun. "Unamtakia nini?"

"Nina mteja Ibra. Vijana wangu wamebadilisha sakhani mara mbili, ya pili mpya kabisa, na inazimika. Mwenye nyumba ananitukana kwa simu. Nataka huyu bwana aje aitazame. Akiweza, ninampa kazi."

Marhoun akageuza kichwa. "Mama Muslim! Njoo, unatafutwa."

Nadhir akainuka kusalimia, akatazama nyuma yake kama kuna mtu mwingine anayekuja, hakuna. Namsifu kwa jambo moja: aliona haya kwa nukta chache tu. Kisha akauliza, "Bi Mahfoudha, ile ya hapa kwako ilikuwa na nini? Maana niliambiwa imekufa."

Akamweleza. Alipofika kwenye mpira wa gari dogo, Nadhir alikuwa amesahau kahawa yake.

Wiki iliyofuata tukaenda Ibra, Marhoun akiendesha, Bi Mahfoudha mbele, mimi nyuma, Nadhir ametutangulia na vijana wake wawili, wale wale waliosema imekufa. Mwenye nyumba aliitwa Thuwaini, mtu wa asili ya Pemba, afisa wa serikali, mkali wa uso. Mkewe, Fawziya, alitupokea kwa heshima. Nyumba ilikuwa mpya, dari za jasi, madirisha ya aluminiamu yanayofunga kama kopo.

"Sasa mmeniletea mwanamke," akasema Thuwaini. Hakumwambia yeye, alimwambia Nadhir.

Bi Mahfoudha hakuonyesha kusikia. Akaingia hamamuni na Fawziya na mimi, akaitazama sakhani. Nzuri, mpya. Maji yana nguvu. Akapaka sabuni viungo vyote: salama. Akaiwasha: buluu. Nikasema moyoni, leo tumekuja kuaibika.

"Inazimika wakati gani?" akamuuliza Fawziya.

"Mtu akikaa ndani kidogo, mlango umefungwa. Ukifungua mlango ukaiwasha, inakubali."

"Nani anakaa sana humu?"

"Binti yangu, Azza. Lakini siku hizi haogi sana, masikini. Kichwa kinamuuma. Juzi alianguka humu humu. Tukamtoa nje, akazindukana. Daktari kasema damu kidogo."

Bi Mahfoudha akaacha alichokuwa akifanya. "Kichwa kinamuuma akiwa wapi? Skuli kinamuuma?"

"Hasha. Nyumbani tu. Akishaoga."

"Niletee chetezo," akasema, "na ubani."

Fawziya akadhani anataka kumfukizia mtoto. Akaleta chetezo, makaa yamekolea, ubani umetiwa. Bi Mahfoudha akafunga dirisha, akafunga mlango, mkono mmoja umeshika komeo, akafungua maji ya moto. Akakisogeza chetezo chini ya mdomo wa dohani, pale moshi wa sakhani unapotokea kwenda juu. Kila mtu aliyeishi katika nyumba zetu anajua moshi wa ubani ulivyo mweupe, huwezi kuukosa. Ulitakiwa uvutwe juu uende zake. Haukwenda. Ulipanda kidogo, ukasita, ukageuka, ukatushukia usoni.

Akafungua mlango kwa kishindo, akazima sakhani, akatutoa sote. Akatoka mpaka nje dirishani, akafunga mtungi, akakifungua kile kichwa cha mtungi kinachounganisha mpira wa gesi, akakitia ndani ya mfuko wake. Akasimama mbele ya wanaume.

"Dohani hii inatokea wapi?" akawauliza wale vijana.

"Juu ya dari, mama," akasema mmoja. "Tuliiingiza juu ya dari."

"Na juu ya dari inatokea wapi?"

Yule kijana akainua macho darini.

"Haitokei," akasema. "Imeishia juu ya jasi. Pumzi yote ya moto inajaa kule, ikijaa inarudi chini. Sakhani inazimika kwa sababu inavuta pumzi yake yenyewe. Na mtoto aliyemo ndani anaivuta pia. Haina harufu. Inamwangusha mtu kama usingizi."

Thuwaini akasema, "Bibi, rudisha hicho kichwa cha mtungi. Nitaita mtu mwingine Jumamosi atazame."

"Sirudishi."

"Ni mali yangu!"

"Ni mali yako, na Azza ni mtoto wako," akasema Bi Mahfoudha. Sauti yake haikupanda. "Dohani ikitoka nje, nitakirudisha kwa mkono wangu. Kabla ya hapo nitakwenda nacho Nizwa, unishitaki."

Hapo palikuwa na Marhoun, palikuwa na Nadhir, na ilimpasa Nadhir aseme kitu, maana vijana ni wake na kazi ni yake. Nadhir akasogea mbele. Kisha akasema, "Bwana Thuwaini, kosa ni letu. Nipe nyundo." Akavua kanzu, akabaki na fulana na shuka, akapanda ngazi yeye mwenyewe. Alipoivunja jasi, tukaona: bomba la bati limekatwa kiganja kimoja juu ya dari, na mbao pembeni yake zimelowa jasho jeusi. Thuwaini alipanda akachungulia. Aliposhuka hakuwa yule aliyepanda. Alikwenda mpaka mlango wa chumba cha binti yake, akasimama pale, hakuingia, akaegemea tu.

Kabla ya adhana ya alasiri, ukuta ulikuwa umetobolewa, bomba jipya limetoka nje na kofia yake juu, na tundu la hewa limefunguliwa chini ya mlango. Bi Mahfoudha akarudisha kichwa cha mtungi, akawasha, akafunga mlango, akashika chetezo. Ubani ukaingia ndani ya dohani kama uzi unaopita tundu la sindano. Akamwita Azza, msichana wa miaka kumi na tano, mweupe wa maradhi, akampa chetezo mkononi. "Kila Ijumaa, kabla hujaoga, fanya hivi. Ukiuona moshi unarudi, usioge, niite."

Thuwaini alitusindikiza mpaka garini. Alisimama upande wa Bi Mahfoudha, si wa Marhoun. "Bi Mahfoudha," akasema, "niwie radhi." Wazee wa Kipemba hawasemi neno hilo bure.

Njiani kurudi, Bi Mahfoudha alimwambia mumewe asimame kwenye duka la Nadhir. Nadhir alikuwa ametutangulia, lakini Bi Mahfoudha alikataa kuzungumza kazi kwanza. "Umeshafunga sakhani ngapi, Bwana Nadhir, tangu uanze?" Hakujua kwa hakika, mia na kitu. "Basi tuzitazame zote. Ndipo nitakuwa mfanyakazi wako."

Wakazitazama zote. Iliwachukua mwaka mzima: Nizwa, Mudhaibi, Al Kamil wal Wafi, mpaka Sur. Mwanzoni Marhoun akimpeleka siku za mapumziko, kisha, mwaka 1984, yeye mwenyewe akajifunza kuendesha, akafeli mtihani mara moja, akapasi. Wakakuta nyumba nne nyingine za aina ile ya Ibra. Katika moja, Sur, walikuwa wamefika siku ambayo mama alikuwa ameshaanza kuumwa kichwa na mtoto mchanga amelegea. Wale vijana wawili waliosema imekufa walikuwa wakienda naye, na yeye akiwafundisha kama alivyofundishwa: uliza moja, ngoja. Mkubwa wao, ambaye jina lake mimi sikulijua mpaka siku hizo, aliitwa Muhsin, na akawa fundi hodari kuliko alivyodhani mtu yeyote, yeye mwenyewe wa kwanza.

Mimi nilikuwa nikimtazama akitoka asubuhi, buibui, sanduku la vifaa la kijani mkononi, ufunguo wa gari kidoleni, nikijisikia kama mimi ndiye niliyemzaa. Tulifika nchi hii watu wazima, Kiarabu chetu kinachekwa sokoni, na wengine wakituuliza sisi ni watu wa wapi. Yeye hakuulizwa tena swali hilo. Aliulizwa, "Fundi, utakuja lini?"

Mwaka 1987 nilikwenda na Bi Mahfoudha na mumewe ofisi ya pasipoti. Walitaka kwenda kumwona Muslim akihitimu. Karani kijana alikuwa akijaza fomu ya Bi Mahfoudha haraka haraka. Jina, tarehe, mahali. Alipofika kwenye kazi hakuuliza, akaandika mama wa nyumbani.

"La, mwanangu," akasema Bi Mahfoudha kwa Kiarabu. "Hukuniuliza."

Karani akainua macho, akamtazama Marhoun.

"Usinitazame mimi," akasema Marhoun. "Mwenye kazi ni yeye."

"Kazi yako nini, khala?" akauliza karani, kama anayemwita mama mdogo.

"Fundi. Wa sakhani za gesi."

Kijana akasita, kalamu hewani. Kisha akachana ile fomu, akachukua nyingine, akaanza kumuuliza upya, tangu jina.